Nukta 41 Baharini: Niliyojifunza kwa Kufundisha Jiografia na Uraia kwa Ramani za Kidijitali

Ramani ya kwanza ambayo wanafunzi wangu walichora kwa kompyuta ilikuwa na nukta 41, na zote 41 ziliangukia baharini. Tulikuwa tumezunguka shule na mazingira yake asubuhi nzima, simu moja kwa kila kundi, tukiandika mahali pa kila bomba la maji, kila jalala, kila daraja na kila kivuko cha waenda kwa miguu. Kisha tukaziingiza namba hizo kwenye lahajedwali na kuifungua katika programu ya ramani mbele ya darasa zima. Ukutani ikatokea bahari ya buluu, tulivu, na katikati yake rundo la nukta nyekundu. Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikujua kilichotokea na kipindi kilikuwa kinakwisha.

Aliyeligundua kosa alikuwa msichana wa safu ya nyuma ambaye hakuwa na mazoea ya kunyoosha mkono. Alisema kwamba programu ilikuwa inasoma safu ya kwanza ya jedwali kama mhimili wa x, yaani longitudo, ilhali sisi tulianza na latitudo kwa kuwa ndivyo simu zinavyoitaja. "Tumegeuza, Mwalimu," alisema. "Tumeiambia kwamba kwenda kaskazini ni kwenda mashariki." Kwa miaka mingi nilikuwa nimefundisha latitudo na longitudo ubaoni, nao walikuwa wakizikariri, wakazijibu katika mtihani na kuzisahau wiki iliyofuata. Siku hiyo, kwa kosa ambalo sikulipanga, darasa zima lilielewa kwamba majiranukta, yaani namba za latitudo na longitudo, ni maelekezo ya njia, na kwamba anayepindua mpangilio wake hupotea hata kama kila namba aliyoandika ni sahihi. Tangu hapo sijawahi kuwaonya wanafunzi wapya kuhusu mpangilio wa safu hizo. Nawaacha waende baharini kwanza. Wapo pia ambao husahau kujaza namba kabisa, na nukta zao huangukia pale latitudo 0 inapokutana na longitudo 0, katika Ghuba ya Guinea, mahali pasipo na nchi kavu, ambapo watu wa kazi ya ramani hupaita kwa utani Null Island.

Sikuanza hivyo lakini. Nilipopata projekta na kompyuta kwa mara ya kwanza, nilifanya kile ambacho nadhani walimu wengi hufanya: nilifungua Google Earth, nikaizungusha dunia, nikashuka kutoka angani hadi kwenye milima, mito na miji, na wanafunzi wakashangilia. Vipindi vitatu vilipita hivyo. Katika zoezi la mwisho wa mwezi niligundua kwamba hawakuwa wamejifunza lolote ambalo wasingelijifunza kwa picha ya ukutani, na pengine walijifunza pungufu, kwa sababu picha ya ukutani husimama na mtu akaitazama, ilhali hii ilikuwa inapita. Nilikuwa nimegeuza darasa kuwa ukumbi wa sinema na mimi nikawa mwendesha mitambo.

Mabadiliko yalianza na swali kuhusu Greenland. Mwanafunzi mmoja aliona katika ramani ya mtandaoni kwamba kisiwa hicho kinakaribia kulingana na bara la Afrika, akakitafuta katika kitabu na kukuta kwamba eneo lake ni kama kilometa za mraba milioni 2.2, wakati Afrika ina takriban milioni 30. Alikuja kuniuliza ni kipi kilichokosewa, kitabu au ramani. Nilimjibu kwamba hakuna kilichokosewa, jibu ambalo halikumridhisha, na kwa haki, kwa sababu nililitoa kwa haraka. Kipindi kilichofuata tulikitumia chote kwa suala hilo. Tulikata ganda la chungwa na kujaribu kulilaza mezani bila kulipasua. Tulirudi hadi mwaka 1569, Gerardus Mercator alipochora ramani yake kwa ajili ya mabaharia, ambao walihitaji mstari mnyoofu kwenye karatasi uwe ndiyo njia ya kufuata kwa dira bila kubadili pembe. Ili kupata faida hiyo, ilibidi nchi zilizo karibu na ncha za dunia zitanuliwe. Ramani nyingi za mtandaoni zimerithi namna hiyo ya kulaza dunia kwa sababu zake za kiufundi: pembe hazipotoki mtu anapokuza sehemu ndogo, na ramani nzima hukatwa katika vipande vya mraba kwa urahisi, ndiyo maana hukomea karibu na nyuzi 85 kaskazini na kusini. Halafu tukafungua ukurasa unaomwezesha mtu kulivuta umbo la nchi kutoka sehemu moja ya ramani hadi nyingine, na kila mwanafunzi akaisogeza Greenland mwenyewe, polepole, hadi ikweta, akaiona ikinywea mikononi mwake.

Mmoja wao akahitimisha kwamba ramani zote ni uongo. Hapo nilisimama, maana hilo nalo ni kosa, tena ni kosa linalovutia. Nilimwambia kwamba Mercator hakumdanganya baharia. Aliyedanganyika ni yule aliyeichukua ramani ya baharia na kuitumia kulinganisha ukubwa wa nchi. Kila ramani inahifadhi kitu kimoja kwa kupoteza kingine, na swali la haki la kumuuliza mchoraji ni alichagua kuhifadhi nini, kwa ajili ya nani. Nilipolisema hilo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimetoka kwenye jiografia na kuingia kwenye uraia bila kubisha hodi.

Kuanzia hapo nikaamua masomo hayo mawili yafundishwe kwa kazi moja, na kazi yenyewe iwe kuchora mahali tunapokanyaga. Tulichagua OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa nchini Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Nilichapisha kipande kinachohusu shule yetu na kukigawa kwa makundi. Kilikuwa na barabara moja na weupe mtupu. Nilitarajia washangae, badala yake walinyamaza, kisha mmoja akauliza, "Sisi hatumo?" Niliwaeleza kuhusu Kibera, eneo la Nairobi ambalo maelfu ya watu waliishi wakati ramani za umma zikilionyesha kama pengo, hadi mwaka 2009 vijana wa hapohapo walipotembea na vipokezi vya GPS na kulichora wenyewe. Niliwaeleza pia juu ya Dar es Salaam, ambako kuanzia mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo walishirikiana na wakazi kuchora mitaa na mifereji ya maeneo yanayofurika, wakiuliza wakazi maji hufika wapi mvua kubwa inaponyesha. Sikuhitaji kuwahimiza zaidi.

Kutembea kulitufundisha mambo ambayo programu isingeweza. Ramani hiyo ina kanuni moja ambayo niliipenda tangu siku ya kwanza: andika kilichopo ardhini. Usiandike kinachopaswa kuwepo, wala kilichoahidiwa, wala kilichopo katika nyaraka pekee. Ni kanuni rahisi mpaka mtu asimame mbele ya kijia kinachokatiza kiwanja cha mtu. Kundi moja lilitaka kukichora kwa sababu watu wote hupita hapo; kundi jingine lilikataa kwa sababu mwenye kiwanja hakuwahi kukitoa kuwa njia. Walibishana kwa karibu saa nzima juani, na katika kubishana huko walijikuta wakitenganisha mambo mawili ambayo kitabu cha uraia huyachanganya katika aya moja: lililopo na lililo halali. Hatimaye walikubaliana kukichora kijia, kwa kuwa kipo, na kuandika katika lebo yake kwamba ni cha watu binafsi na kinapitwa kwa hisani. Nilipitia vitabu vyangu vya kiada baadaye na sikuona mfano wa haki ya kumiliki mali ulio wazi kuliko huo.

Daraja lilikuwa na ugomvi wake. Lipo wakati wa kiangazi na halipitiki wakati wa masika. Je, lipo au halipo?

Simu nazo zilianza kutusumbua. Niliyapeleka makundi sita kwenye nguzo moja ya uwanja wa michezo, yakaandika majiranukta yake, na tulipoyaweka kwenye ramani tukapata nguzo sita, mojawapo ikiwa ndani ya choo. Uwanja ulio wazi humpa mtu mwenye simu ya kawaida usahihi wa kama meta 5, lakini karibu na kuta ndefu ishara huruka huku na huku, kwa kuwa hufika simuni baada ya kugonga kuta. Tulitumia tukio hilo kujifunza jinsi mfumo wa GPS unavyofanya kazi: setilaiti zinazozunguka kwenye kimo cha kama kilometa 20,200, kila moja ikitangaza wakati wake, na simu ikihitaji angalau nne, tatu kwa ajili ya mahali na moja kwa ajili ya kusahihisha saa yake yenyewe. Kisha nikawauliza kwa nini waliandika tarakimu saba baada ya nukta. Walijibu kwamba ndizo simu ilizozionyesha. Tukapiga hesabu: nyuzi moja ya latitudo ni takriban kilometa 111, kwa hiyo tarakimu ya tano baada ya nukta ni kama meta moja, na ya saba ni kama sentimeta moja. Walikuwa wamedai kuijua nguzo kwa sentimeta wakati hawakuweza kuitenganisha na choo. Tangu siku hiyo, kila mara wanapokutana na namba yenye tarakimu nyingi katika gazeti, huuliza ilipimwa na nini, na kwa kweli baadhi ya wazazi wamenilalamikia kwamba watoto wamekuwa wabishi nyumbani.

Katika somo hilohilo nilitaja, kama kwa kupita tu, kwamba hadi tarehe 1 Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiiharibu kidogo kwa makusudi ishara iliyotolewa kwa raia, hata mtu akakosea mahali kwa makumi ya meta, na kwamba uharibifu huo ulizimwa usiku mmoja. Nilidhani ni jambo la kuvutia la kiufundi. Wao waliliona jambo la mamlaka: nani aliamua, nani aliulizwa, na je, anayeweza kuzima hawezi kuwasha tena? Sikuwa nimeandaa jibu la kutosha. Tuliwaza pamoja juu ya nchi na jumuiya nyingine zilizojenga mifumo yao wenyewe, kama Galileo ya Umoja wa Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China, na kwa mara ya kwanza neno "uhuru wa taifa" likawa na setilaiti ndani yake.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo ninajutia hadi leo. Katika muhula wa pili niliwapa zoezi ambalo nilidhani ni jepesi na la furaha: kila mmoja aweke nukta nyumbani kwao na kupima umbali wa kuja shuleni. Nilitaka wajifunze tofauti kati ya umbali wa mstari mnyoofu na umbali wa njia. Ramani ikatokea ukutani ikiwa na majina. Baada ya dakika chache niliona mvulana mmoja ameinamisha kichwa, na wenzake wawili wakinong'ona. Nukta yake ilikuwa mahali ambapo hakuwa amewaambia wenzake kwamba anaishi. Sitaeleza ni mahali gani, kwa sababu kulieleza ni kulirudia kosa lilelile. Alikosa kuja shuleni siku mbili. Nilimwendea na kumwomba radhi, akanijibu kwa adabu kwamba hakuna shida, na sote wawili tulijua kwamba shida ipo.

Jambo hilo lilinifanya nirudi kwenye kila faili tuliyokuwa tumeihifadhi. Nikakuta mengine. Kundi moja lililokuwa likihesabu nyumba lilikuwa limeandika katika safu ya maelezo maneno kama "mgonjwa", "mama yuko peke yake", "hawapo mchana". Walioandika hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wameambiwa waandike kila wanachokiona, na aliyewaambia alikuwa mimi. Bahati ni kwamba data hiyo ilikuwa bado iko kwenye kompyuta ya shule na haikuwa imepandishwa mtandaoni. Tuliifuta pamoja, mstari kwa mstari, badala ya kuifuta mimi peke yangu jioni, kwa sababu nilitaka waone ni maneno gani yanafutwa na sababu yake. Ikawa ndiyo siku tuliyojadili tofauti ya kitu cha umma na kitu cha mtu: bomba la mtaa, kituo cha afya na barabara ni vya umma, aliye ndani ya nyumba, hali yake na saa zake za kutoka ni vyake. Ramani huria nayo ina desturi ya kutoandika majina ya wakazi wa nyumba, na sasa darasa lilielewa kwa nini.

Nilibadili utaratibu wote. Hakuna mwanafunzi anayefungua akaunti kwa jina lake. Tunatumia akaunti ya darasa ambayo mimi ninaiwajibikia, na wazazi huelezwa na kuombwa ridhaa kabla ya matembezi ya kwanza. Zoezi la umbali linafanyika kwa kutumia mahali pa umma ambapo mwanafunzi anapita, na kila mmoja huchagua mwenyewe. Mafunzo ya hesabu hayakupungua hata kidogo.

Kosa jingine lilikuwa dogo zaidi lakini lilikuwa na somo lake. Kijana mmoja mwepesi aliimaliza kazi ya siku tatu kwa dakika ishirini: alifungua ramani ya kampuni moja ya kibiashara katika dirisha la pili na kunakili majina ya mitaa yote. Alijivunia. Ilibidi nimweleze kwamba ramani ile ina mwenyewe, kwamba kazi huria hudumu kwa sababu waliochangia wametoa kilicho chao, na kwamba leseni ya data ya OpenStreetMap, ambayo tangu mwaka 2012 ni ile iitwayo ODbL, inamruhusu yeyote kuitumia kwa sharti la kutaja chanzo na kuachia data iliyoboreshwa kwa masharti yaleyale. Tulivifuta alivyonakili. Alipotembea mwenyewe baadaye alirudi na majina mawili yaliyotofautiana na yale ya kampuni, kwa sababu wakazi huyaita maeneo hayo vingine.

Kwa upande wa uraia, nilikuwa na hofu kwamba ramani ingewafanya wanafunzi waone kila tatizo la jamii kama tatizo la nukta. Kwa hiyo nililazimika kuwaonyesha ramani kama hoja, na mfano bora ninaoujua ni wa daktari John Snow na kipindupindu cha London mwaka 1854. Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kwamba alichora vifo, akaona vimelizunguka bomba la Broad Street, akaliondoa mpini, na watu wakapona. Niliwapa wanafunzi data ya vifo hivyo, ambayo imewekwa huria katika muundo wa kidijitali, wakaiweka katika QGIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani, na kupima wao wenyewe ni vifo vingapi vilikuwa karibu zaidi na bomba hilo kuliko bomba jingine lolote. Kisha nikawaambia yale ambayo simulizi fupi huyaacha: kwamba Snow alishuku maji kabla ya kuchora, kwamba mlipuko ulikuwa umeanza kupungua mpini ulipoondolewa mapema mwezi Septemba, na kwamba ramani yake ilimsaidia zaidi kuwashawishi wengine baadaye kuliko kumpa jibu. Kilichowavutia wanafunzi wangu zaidi hakikuwa msongamano wa nukta bali mapengo. Kiwanda cha pombe kilichokuwa jirani kabisa na bomba hakikuwa na vifo, kwa kuwa wafanyakazi wake walikunywa pombe na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Nyumba ya maskini iliyokuwa karibu nayo ilikuwa na maji yake yenyewe na watu wachache waliougua. "Kwa hiyo pasipo na nukta ndipo penye ushahidi," alisema yule msichana wa safu ya nyuma, ambaye kufikia wakati huo hakuwa tena wa safu ya nyuma.

Zoezi la mipaka ya majimbo lilikuwa fupi na lilifana kuliko yote. Nilipanga madawati 25 na kuwapigisha kura ya kitu ambacho shule ingejenga, maktaba au uwanja. Kura 15 zilienda kwa uwanja na 10 kwa maktaba. Nikawaambia wayagawe madawati katika majimbo matano ya kura tano, yaliyopakana bila kuruka, na kila jimbo litoe mshindi mmoja. Ndani ya nusu saa kundi moja lilikuwa limechora mipaka iliyolipa pendekezo la maktaba majimbo matatu kati ya matano, kwa kura tatu katika kila moja, huku kura za uwanja zikirundikwa katika mawili yaliyobaki. Hakuna kura hata moja iliyoibwa. Waliporuhusiwa kulifanya kwenye kompyuta walilifanya kwa dakika tano, na hapo nikawaeleza juu ya jimbo la Massachusetts mwaka 1812, gavana Elbridge Gerry, na umbo la jimbo la uchaguzi lililofananishwa na salamanda, mnyama anayefanana na mjusi, hata jina la gavana likaunganishwa na la mnyama huyo kuwa neno la siasa hadi leo, gerrymander. Darasa liligawanyika vikali kuhusu kama waliotaka maktaba walikosea. Sikuwaamulia.

Tulishiriki pia, kwa muda, katika kuchora nyumba za maeneo ya mbali kutoka kwenye picha za setilaiti, kazi ambayo umuhimu wake ulionekana baada ya tetemeko la ardhi la Haiti la tarehe 12 Januari 2010, pale watu wa kujitolea kutoka sehemu mbalimbali za dunia walipolichora jiji la Port-au-Prince na waokoaji wakaitumia ramani hiyo. Ni kazi njema na huwapa wanafunzi nidhamu ya jicho. Walichora malundo ya nyasi kama nyumba na vivuli kama ukuta, wakasahihishwa na watu wasiowajua, wakajifunza kupokea masahihisho. Hata hivyo siifanyi kuwa kiini cha somo. Mtu anayechora paa la asiyemjua hawezi kumuuliza njia hii inaitwaje.

Kuhusu vifaa nitasema machache, kwa sababu ndilo swali ambalo walimu wenzangu huniuliza kwanza na ndilo lililonisumbua kidogo zaidi. Karatasi iliyochapishwa, kalamu na simu moja kwa watu watano zinatosha nje. Ndani, kompyuta mbili zenye QGIS, programu huria isiyohitaji intaneti baada ya kusakinishwa, zinatosha. Kinachohitajika zaidi ni vipindi viwili vilivyoungana, kwa kuwa dakika arobaini hazitoshi kutoka, kupima, kubishana na kurudi.

Kazi iliyotupeleka nje ya shule ilikuwa ya kivuko. Wanafunzi walichagua wenyewe: barabara kubwa mbele ya shule haikuwa na alama yoyote ya kuvukia, na kila mmoja alikuwa na kisa cha kuponea chupuchupu. Walichora ramani, wakaipaka wekundu mwingi, wakaandika barua kwa kutumia muundo wa barua rasmi waliojifunza katika somo la lugha, na tukapata miadi na ofisa mhusika. Alitusikiliza kwa heshima. Kisha akaweka kidole kwenye ramani na kuuliza maswali matatu: nani alihesabu, siku gani, na wekundu huu unamaanisha watu wangapi. Walikuwa wamehesabu asubuhi moja tu, siku ya Jumatatu, na wekundu haukuwa na kipimo. Waliuchagua kwa sababu unatisha. Ufunguo wa ramani ulisema "hatari", basi. Niliona aibu kwa niaba yao na kwa niaba yangu, kwani nilikuwa nimeiona ramani hiyo na kuipitisha.

Njiani kurudi hawakusema mengi. Siku iliyofuata waliweka zamu. Kwa wiki mbili, asubuhi, mchana na jioni, watu wawiliwawili walisimama mahali pa salama kando ya barabara wakiwa na karatasi za kuhesabia, mimi au mwenzangu tukiwa nao, wakiandika watu wangapi wamevuka, wapi na saa ngapi. Jambo lililotokea lilikuwa kinyume na ramani ya kwanza: wengi hawakuvukia mbele ya lango la shule bali pale njia ya miguu ya upande wa pili inapokutana na barabara, na saa mbaya zaidi ilikuwa jioni, si asubuhi. Palipokuwa na wekundu mkali zaidi katika ramani ya zamani hapakuwa na wavukaji wengi. Kijana aliyekuwa ameichora aliitazama ile mpya kwa muda, akauliza kama anaweza kuihifadhi ile ya zamani pia. Tuliipeleka ramani ya pili ikiwa na namba, tarehe, saa, na sentensi moja chini iliyotaja mipaka ya kazi yetu: kwamba hatukuhesabu usiku wala siku za mwisho wa wiki. Ofisa aliisoma sentensi hiyo mara mbili.

Miezi kadhaa baadaye alama za kivuko zilichorwa barabarani. Hazikuchorwa pale ramani yetu ilipopendekeza, bali karibu meta 30 upande wa juu, ambako, tulielezwa, dereva huona mbali zaidi kabla ya kona. Baadhi ya wanafunzi walikasirika na wengine waliridhika, na waliokasirika walianza kupanga hesabu mpya ili kuona kama watu watakubali kutembea meta hizo 30. Kabla ya hapo lakini, walitoka na simu, wakasimama mwanzoni na mwishoni mwa mistari ile myeupe, wakasubiri ishara itulie, wakaandika majiranukta kwa tarakimu tano baada ya nukta. Kisha wakaingia darasani, wakakagua ipi ni latitudo na ipi ni longitudo, na wakakiweka kivuko kwenye ramani pale kilipo.